Madam Igoki, Aliyemshuku Kila Mwenye Ahadi

Tarehe 30 mwezi huu Madam Jedidah Igoki anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwashauri wanafunzi wa chuo chetu hapa Embu juu ya kazi. Mimi Angeline wa jikoni nimeombwa niandike kwa sababu chai yake yote nimepika mimi, na pia mnajua siwezi kunyamaza.

Madam hakuamini mtu. Tangazo la kazi likibandikwa ukutani, alipiga simu kwanza. Mwajiri akija na suti, alimwangalia viatu. Hata chapati zangu alizikunjua kabla ya kula. Lakini wanafunzi aliowatuma kazini walifika, na wakalipwa.

Tulikosana juu ya msichana wangu, Karwirwa, mwenye digrii ya kilimo, wa kwanza katika ukoo wetu mzima. Wakala mmoja wa Makutano, kule kwetu Meru, alimwahidi kazi ng'ambo. Nikatangaza kanisani, nikachinja mbuzi wa kumuaga, nikawaambia kina mama wahesabu ameshaenda. Madam akamwambia asimpe mtu pasipoti yake. Nikashuku ni wivu, maana watoto wake hawajapanda ndege.

Kwa kila wakala alikuwa na swali moja. Huyu alimpigia tukiwa ofisini kwake, simu ikisikika kwetu sote, akijifanya mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi: "Nipe mzazi mmoja uliyempeleka mtoto wake, nikaongee naye."

Wakala hakusita. Akasema kuna mama anaitwa Angeline, anapika chuoni Embu, mtoto wake ameshafika na anatuma pesa.

Karwirwa alikuwa ameketi kando yangu, anakula mandazi.

Madam hakunicheka. Aliniuliza tu kama hizo pesa zimefika. Kisha akamtafutia Karwirwa nafasi ya mafunzo kwa chama cha ushirika wa maziwa huko Meru, na leo ndiye msimamizi wa ubora. Ukitia maji kwa maziwa, hupiti kwake. Hata mimi mamake alinipimia maziwa yangu.

Sasa Madam anasema anaenda kukaa kwake mtaa wa Majimbo, afuge kuku, apumzike. Hatuamini. Madam, tupe mstaafu mmoja aliyetulia kweli, tukaongee naye.

Asante kwa watoto wetu wote. Kuku wako watage, magoti yakupe amani, na tukibisha mlango wako, utufungulie bila maswali.