Chupa Tatu Ndani ya Majani ya Mgomba

Bwana Mwenyekiti wa Bodi, Mwalimu Mkuu, walimu wangu, wazazi mliotoka mbali, na wanafunzi wenzangu mlioanza kucheka mlipoona Wambeti amepewa maikrofoni: hamjambo?

Kabla sijamuaga Nelius, mwenzangu wa maabara, nitoe siri ambayo hata mama yangu kule Siakago haijui. Namwonea Nelius wivu. Si kidogo. Mwalimu Kithinji akimsifu tukiwa mezani, githeri inanikwama kooni.

Wageni wetu huenda hamjui tulichofanya. Ile sabuni ya maji inayouzwa kwa mitungi pale Makutano huishia mtoni na povu lake. Tukajiuliza: je, vijidudu vya mtoni huila ikaisha, au inakaa tu? Tulijaza chupa tatu maji ya mto. Moja tukatia sabuni kidogo, ya pili sukari, ambayo tulijua huliwa, na ya tatu hatukutia kitu. Zote tukazitia rangi ya buluu, tukazifunga kabisa. Vijidudu vikila, hutumia hewa iliyo majini. Hewa ikiisha, buluu hufifia.

Buluu yetu ikakataa kufifia.

"Wacha tu, Wambeti," Nelius akaniambia. "Hii sabuni ni sumu."

Na sukari nayo, ni sumu? Nikazitazama zile chupa pale dirishani, nikaona ukijani umeshika kioo. Ni vimea vidogo vile, na vikipata jua hutengeneza hewa. Sisi tulikuwa tukingoja hewa iishe, jua nalo likiirudisha! Nikamnong'oneza Nelius kwamba tuanze upya, tuzifunge kwa majani ya mgomba jinsi watu wa huku wanavyofunga miraa, jani juu ya jani, mwanga usipenye. Aliporudi kutoka kwao Mitunguu baada ya mapumziko, alikuja na mzigo wa majani mabichi begani.

Mlitucheka, mnakumbuka? Muthomi, ulisimama mlangoni ukauliza, "Madam Wambeti, hiyo bunda ya miraa inaenda Maua ama Nairobi?"

Lakini buluu ilififia. Ya sukari kwanza, na tulipokuwa tumekaribia kukata tamaa, ya sabuni. Ile ya maji matupu ikabaki buluu. Sabuni huliwa, wazazi wangu, ila polepole sana. Mto hauwezi kupewa zaidi ya unavyoweza kula.

Siku ya mashindano kule Embu, jaji aliuliza, "Nani alifikiria haya majani?"

Nelius akanigeukia. Akangoja. Mwalimu Mkuu, Nelius aliningoja mpaka jaji akakohoa, nami nikitazama viatu vyangu kana kwamba jibu liko huko. Ndipo akasema, "Ni sisi wawili," akaeleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeeleza. Ufadhili wa kusoma Nairobi ukamwendea msemaji.

Sasa nimlaumu kwa lipi? Laiti angeniibia! Ningemchukia kwa raha zangu.

Ukurasa huu niliuandika jana maabarani. Kila viatu viliposikika nje, niliusukuma chini ya majani yaliyobaki. Mwishowe zikaja hatua ninazozijua, kwa kuwa Nelius huburuta ndara. Mkono wangu ulikuwa umeshashika karatasi. Nikauondoa mkono, karatasi nikaiacha pale pale.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Hapa pa wivu usome kwa sauti. La sivyo wa nyuma hawatasikia."

Nelius, wamesikia?

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Lakini umetoka chupani, umepata hewa, tuone utachukua muda gani kuisha. Nenda salama, rafiki yangu. Nanyi nyote mlionivumilia, asanteni sana kwa kunisikiliza.