Breki Zilipozama kwenye Mteremko wa Salgaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mimi Baba Yona, dereva wa lori la mahindi, leo nimesimama mbele yenu nikiwa hai, na mke wangu, Mama Yona, yule pale yuko hai!

Wengi mnajua tulivyotoka harusini, Mama Yona kando yangu, akina mama wa kwaya wakiimba kule nyuma ya lori. Tukiwa juu ya mteremko wa Salgaa, breki zikawa laini. Nikasimama, nikaongeza oili ya breki, pedali ikarudi juu. Nikashukuru, tukaendelea.

Ndugu zangu, katikati ya mteremko nilikanyaga, mguu ukazama mpaka chini! Nikapiga pedali tena na tena. Hakuna kitu! Na mbele yetu ng'ombe wanavuka barabara!

Nikalia, "Yesu, shika lori hili!" Nikapunguza gia, injini ikanguruma. Nikavuta breki ya mkono polepole. Kushoto nikaona shamba lililolimwa, limeinuka kidogo. Nikakata usukani. Magurudumu yakazama kwenye udongo, lori likasimama. Kisha mama mmoja akachungulia kutoka kule nyuma, uso wote vumbi, akauliza, "Tumefika?"

Hakuna aliyeumia. Haleluya!

Lakini mimi nilibaki mfungwa wa hofu. Nikiona usukani, nageuka naenda zangu. Nilimwambia Mama Yona, "Mimi na lori basi. Nitaomba kazi ya kuchunga ng'ombe."

Hakubishana nami. Alisema tu, "Kwanza tujue kwa nini breki ziligoma."

Lori lilikuwa limevutwa hadi uwanja wa nyumbani; tukaomba, tukafungua magurudumu. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelowa oili kwa ndani. Mpira mdogo wa breki, ule unaozuia oili isitoke, ulikuwa umepasuka. Oili ilikuwa ikivuja na hewa ikiingia, ndiyo sababu pedali ilizama. Nikatia mpira mpya, nikasafisha, nikajaza oili. Ikabaki kutoa hewa kwenye breki, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mama Yona akapanda akakaa kwenye kiti changu.

"Kanyaga! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Nalegeza nati ndogo ya kutolea hewa, oili inatoka na mapovu. Nakaza, ndipo namwambia aachilie. Tukazunguka gurudumu kwa gurudumu mpaka mapovu yakaisha kabisa.

Akakanyaga mara ya mwisho, akacheka. "Baba Yona, ni ngumu kama jiwe! Panda twende."

Ndugu zangu, nilipanda! Nikajaribu breki uwanjani, kisha barabarani, kisha tukaenda Salgaa na kuuteremka mteremko ule ule. Nilipokanyaga, lori likatii. Nikalia machozi mpaka chini, na mikono yangu imetulia. Bwana ameniondolea hofu!

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu. Na wewe unayeogopa kurudi pale ulipokaribia kufa, mtumaini Yesu. Kesho napeleka mahindi Longonot. Mwenye safari na aje, akae mbele karibu nami. Tutaomba kwanza, kisha tutajaribu breki, ndipo tuondoke.