Macho Yaliyotangulia Msibani

Haya, wana-Mkolani, habari za mchana? Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia. Mtaniwia radhi nikisimama hivi upande upande. Si maringo. Jicho la kulia ndilo linafanya kazi. La kushoto lipo lipo tu, kama taa ya lori bovu, imefungwa vizuri lakini haiwaki. Kwa hiyo mliokaa upande huu nawaona, mliokaa upande ule nawasikia tu mkinisengenya.

Hawa vijana wa chuo kikuu, wa kile kituo chao cha nishati safi na mazingira, wamenitoa Pasiansi asubuhi na gari lao. Wamenipa dakika tano niwaeleze uzuri wa jiko. Dakika tano! Mimi dakika tano ni za kukohoa. Na jiko lenyewe si mnaliona pale, lina mlango, lina bomba la moshi, litajieleza. Mimi nitawaeleza macho.

Na wewe mama wa kule nyuma, uliyevuta khanga mpaka puani, usihame hapo. Nimekuona, kwa jicho hilohilo moja.

Mimi nakaanga mapanki. Mnayajua. Kiwanda kinachukua sangara, kinamvua nyama yote, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na kichwa, mfupa na mkia. Yaani sangara yule nusu yake imeshaona Ulaya, mimi hata Shinyanga sijafika.

Lakini sikuzaliwa na mapanki mkononi. Mume wangu alikuwa kiwanda cha nguo. Zikaja hizi enzi za ruksa, soko huria, mitumba ikaingia kama mafuriko, kiwanda kikaanza kupunguza watu. Wakampunguza. Alipofika nyumbani akaendelea kupungua mwenyewe. Akapungua mashavu, akapungua maneno, akapungua kula, mpaka siku tunamzika jeneza lilibebwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anavuta sigara. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilikuja kucheka, lakini baadaye sana. Siku ile nilikuwa naangalia ule udongo, najiuliza kama shimo linatosha na mimi.

Halikutosha. Nikaingia kwenye mapanki.

Sasa mapanki yanataka mafuta na yanataka moto. Moto ndio ulionimaliza. Milima yetu mnaijua, ni jiwe juu ya jiwe. Ukitaka kuni, labda uchome mawe. Mkaa ulikuwa wa wenye nazo. Basi nikawa nachoma chochote kinachowaka: maranda ya mbao mbichi, magunzi, mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kandambili zilizokatika, vipande vya tairi. Ndugu zangu, nawaambia, moshi ule kunguru wakipita juu walikuwa wanakohoa. Ndege ya minofu ikitaka kutua, rubani anazunguka, anasema leo Mwanza kuna mawingu. Mawingu gani? Ni mimi!

Macho yakaanza kuwasha. Yakawa yanatoka machozi kutwa. Kope zikashikana, asubuhi nazibandua kwa maji ya vuguvugu. Halafu yakawa mekundu, yakabaki mekundu.

Na hapa kwetu Usukumani mama akizeeka, macho yakawa mekundu, watu hawasemi moshi. Wanasema mchawi. Mmeinama. Mnajua ninachosema.

Mimi nilianza kulijua kwenye shikamoo. Zamani mtoto alikuwa ananiamkia ananitazama usoni. Ikaja shikamoo ya kutazama chini. Ikaja ya kutazama pembeni huku anatembea. Mwisho haikuja kabisa. Napita watu wananyamaza kama redio iliyoishiwa betri, nikishapita inawaka tena.

Nikaona nitumie akili. Nikaenda mitumbani nikapata miwani nyeusi, kubwa, nadhani ilikuwa ya mzungu mwenye kichwa cha fahali. Hebu niwazieni: khanga mbili zinanuka samaki, kandambili moja nyekundu moja ya bluu, na miwani. Mbwa walionijua tangu wamezaliwa walinibwekea. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzie, "Unaona? Anaficha." Nikaivua. Bila miwani mimi ni mchawi, nikivaa miwani mimi ni mchawi tajiri.

Kabla yangu alikuwepo bibi mmoja, upande wa pili wa ule mlima wa mawe. Yeye wala hakuwa mkaanga samaki. Alikuwa anasonga kaugali kake kwa moto wa mavi ya ng'ombe, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Mchana mmoja alikwenda ziwani kuteka maji, anarudi anakuta mlango wake umechomwa. Mlango tu. Wamemwachia nyumba, aelewe. Akachukua mbuzi wake mmoja na furushi, akapanda kivuko kwenda Kamanga. Sijui alifikia kwa nani.

Mimi nilibaki kwa sababu ya jirani yangu. Ukuta kwa ukuta. Yeye alikuwa bado ananiita mayu, mama, kama zamani. Na alikuwa na mtoto wa kike, mdogo, ana pengo hapa mbele. Yule mtoto hakujua habari za macho. Anakuja kila siku, anakaa upande upepo unakotoka, ana akili, anasubiri. Namchambulia shavu la sangara. Mnajua pale kwenye shavu kiwanda hukiacha kinyama kidogo, kitamu kuliko minofu yote ya Ulaya. Anakula, analamba vidole, anasema, "Bibi, bado lingine." Samaki ana mashavu mawili, mwanangu, si kumi!

Akashikwa homa. Leo homa, kesho degedege, keshokutwa hayupo.

Mimi nilikuwa motoni ninakaanga. Akapita mtu mbio, akaniambia hajasimama, "Mtoto wa jirani yako amekwisha." Sikuzima moto. Sikunawa. Nilikimbia nilivyo, na ule upawa wa kukaangia uko mkononi, sikujua kama nimeushika. Nikaingia uani. Mama yake ndiyo kwanza anapiga yowe la kwanza. Wengine walikuwa bado wanaulizana kuna nini. Na mimi nimesimama mlangoni, macho mekundu kama makaa, machozi yamenilowanisha mpaka kidevuni, nimeshika chuma kinachofuka moshi.

Nikasikia mama mmoja anasema, wala hakunong'ona, "Huyu amelia saa ngapi? Sisi ndiyo kwanza tunaambiwa. Yeye alijuaje?"

Ndugu zangu, macho yangu yalitangulia msibani. Yalifika kabla ya habari.

Na jana yake mtoto alikula nini? Shavu la samaki. Kwa mkono wa nani? Wangu. Basi hesabu yao ikakamilika. Jirani alinitazama mara moja, akageuza uso ukutani. Wakanitoa. Hawakunipiga. Walinishika tu viwiko kwa ncha za vidole, kama mtu anavyotoa panya aliyekufa. Sikumzika yule mtoto. Niliusikia wimbo wa mazishi nikiwa kwangu, nimekaa chini, kikaango kimeungua mpaka kikatoboka.

Hapo mimi mzungumzaji, mimi niliyekuwa nawachekesha hata maiti, nilikaa bila kusema na mtu mpaka sauti ikaota kutu. Ukuta kwa ukuta, namsikia mama wa watu analia, siwezi kwenda kumshika. Na vijana wakipita barabarani wakawa na salamu yao mpya. "Bibi, bado upo?" Kwa upole kabisa. "Bado upo?" Nikawa naogopa hata kusema nipo.

Nikaamua nivuke na mimi. Kamanga, nimfuate yule bibi, tukae wachawi wawili. Nikafunga furushi. Nikakiziba kile kikaango, nikasema nikaange mapanki ya mwisho, ya kula njiani. Nikawasha moto wangu mchafu, ukafuka kama kawaida.

Ndipo likaja gari la hawa. Na Pasiansi gari likisimama, watu wote wanakuja kuangalia nani kafa. Akashuka binti mmoja mwembamba, kalamu sikioni. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mama."

Nikatazama nyuma, nikadhani anamwamkia mwingine. Ananitazama usoni!

"Marahaba mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana mama. Tunatoka chuo kikuu, tunaangalia majiko ya kina mama. Naomba nikae nikaange na wewe."

"Kaa kule upepo unakotoka."

"Nataka nikae unapokaa wewe, mama."

Nikasema, elimu nayo ina vichaa wake. Nikampa kigoda na upawa. Akakaa. Akageuza kichwa cha samaki cha kwanza, akakohoa. Cha pili, akaanza kupangusa machozi kwa bega. Mimi namwambia toka, yeye anasema bado. Mpaka kikaango kinaiva, yule mtoto wa watu alikuwa hafungui macho. Akasimama anapapasa hewa. Alipoyafungua, ndugu zangu! Mekundu! Yanachuruzika! Kama yangu, pacha!

Watu wakaangua kicheko. Mpiga debe mmoja akapaza sauti, "Jamani, njooni muone, chuo kikuu nacho kimeanza kuroga!"

Wakacheka wakashika mbavu. Halafu kicheko kikaanza kufa, kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Maana jirani yangu alikuwa amesimama pale, na yeye hakucheka. Alikuwa anayatazama macho ya yule binti. Akayatazama macho yangu. Mara ya kwanza tangu msiba.

Akasema, "Mayu. Siku ile ulikuwa unakaanga?"

"Nilikuwa nakaanga."

"Aliyekuambia alikukuta hapa?"

"Alinikuta hapa. Nilikuja na upawa mkononi, mwanangu. Hukuuona?"

Akasema taratibu, "Niliuona. Waliniambia ni dawa."

Akageuka akaenda kwake. Nikajua basi, imekwisha, nichukue furushi langu. Kumbe alikwenda kuchukua maji. Akarudi na bakuli, akamwinamisha yule binti, akamwosha macho kama anavyooshwa mtoto mchanga. Maji yakabaki. Akanigeukia mimi, watu wote wanaangalia.

"Inama na wewe."

Nikainama.

Hakuniomba msamaha, na mimi sikumdai. Nani amwombe nani, na mtoto wake yuko chini? Akanipangusa jicho moja, akanipangusa la pili, maji yakaingia hata puani.

Furushi nililifungua. Vijana hawa walirudi na fundi, wakanijengea jiko la matofali lenye bomba. Mara ya kwanza bomba lilikuwa fupi, moshi ukatoka ukaona nje baridi, ukarudi ndani kunisalimia. Wakalirefusha. Sasa maranda makavu kidogo yanakaanga kikaango kizima, na tairi sijachoma tena. Kwa hilo nawashukuru, wanangu, mlinijengea, lakini kwanza mliniamkia. Namshukuru fundi. Namshukuru jirani yangu kwa bakuli la maji. Kiwanda sikishukuru, kilishachukua minofu.

Lakini nisiwadanganye kwa sababu nimeletwa na gari. Daktari alisema jicho la kulia tumeliwahi, la kushoto tumechelewa. Vijana wengine bado wananiuliza kama bado nipo. Yule bibi aliyevuka nilimtumia salamu Kamanga kwa kila kivuko, haikurudi hata moja. Jiko lilimchelewea. Na shavu la sangara bado nalichambua kila siku, naliweka pembeni ya sahani, halafu nakumbuka. Jirani akiliona anaingia ndani.

Neno langu kwenu ni dogo. Mkimwona mama ana macho mekundu, kabla hamjamuuliza amemla nani, muulizeni anapikia nini. Muulizeni mapema, akiwa bado ana mlango.

Sasa wewe mama wa nyuma, mwenye khanga. Njoo. Njoo mbele, mayu, usiogope, na mimi nipo. Mpisheni. Kaa hapa karibu yangu. Shusha khanga... Eee. Nayajua hayo. Unapikia nini, mavi ya ng'ombe? Nilijua.

Wana-Mkolani, mmemwona? Mtazameni usoni. Wewe baba uliyeinama, inua kichwa, hapo chini umepoteza nini? Mimi ni mkubwa kwake, lakini leo naanza mimi, ninyi mnafuata mmoja mmoja.

Shikamoo, mama.

Itikia, mayu. Itikia kwa nguvu, wajue upo.