Cherehani na Kuku wa Leticia

Kwenye foleni ya mizigo, stendi ya Ifakara, Bibi Aurelia alisahau miguu inayomuuma. Mbele yake watu wawili wasiojuana walikuwa wanabishana kuhusu boksi.

"Mama, umejaza pumba tupu," alisema Shilinde, mfugaji. "Wakilirusha, cherehani itazama chini ivunjike."

"Nimezishindilia kwa mchi, kaka," alijibu Leticia. "Binti yangu kule Tunduma anaanza kushona Jumatatu. Lazima ifike nzima."

"Basi andika 'Usirushe'."

"Wapakiaji wana muda wa kusoma?" Leticia akafunga tenga juu ya boksi. Ndani kuku mwekundu akalalamika. "Sasa nani atamrusha huyu?"

"Atalinyea boksi lote!"

"Alinyee!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Shilinde alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kisha akatoa kamba yake ya kufungia ndama, akalizungushia boksi mara nne bila kuombwa. Bibi Aurelia akaliona hilo, akafurahi.

Mpakiaji akaja. Akatazamana na kuku. "Shikamoo," akamwambia, akalibeba boksi kwa mikono miwili, akaliweka taratibu juu ya magodoro.

"Umeona kazi ya kamba?" Shilinde akauliza.

"Kamba? Kuku huyo!" Leticia akajibu.

Basi likaondoka, kuku akiwa bado analalamika.