Saa Ishirini na Nane za Fahima binti Hafidhi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh, wazee wetu, akina mama mlioko uani, na nyinyi mliovuka maji alfajiri kutoka Jibondo na Juani, historia hii inasomwa na Muhsin, kitinda mimba wa marehemu mzee Hafidhi Shamte, na kila kilichoandikwa humu amekiandika yeye, kwa hiyo atakayekasirika amkasirikie yeye.

Marehemu Fahima binti Hafidhi alizaliwa kisiwani Jibondo tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi mashua Hafidhi na Bi Kijakazi, akitanguliwa na kaka yake Mansuri na kufuatiwa na huyu anayesoma. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Jibondo kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akawa msichana pekee wa mwaka ule aliyechaguliwa kwenda sekondari, na wapo wazee waliosema mtoto wa kike akivuka maji harudi, lakini Mansuri, kijana wa miaka kumi na minane, alimbeba begani mpaka kwenye mashua, yeye na sanduku lake, akawajibu, "Atarudi." Hilo linatajwa kwa sababu wema wa mtu haufichwi, hata siku kama ya leo.

Tarehe 2 Agosti 1996, Fahima akiwa nyumbani kwa likizo ya kidato cha tatu, Bi Kijakazi alianguka jikoni mdomo umekwenda upande, akakimbizwa hospitali, akafia majini kabla ya kufika Kilindoni. Kifo kile kimoja kiliwafundisha watoto wawili mambo mawili. Mansuri, aliyekuwa ameshika usukani, aliambiwa kwamba mgonjwa wa upepo, yaani aliyepigwa na pepo, hapelekwi hospitali, akipelekwa ndiyo anakufa, naye akaliamini hilo na kuliweka moyoni miaka ishirini na tisa. Fahima alimfuata daktari wa Kilindoni aliyewahi kumpima mama yake, akamuuliza, akaelezwa kwamba moyo wa mama yake ulikuwa ukitetemeka badala ya kupiga, damu ikatuama kwenye kifuko kidogo kilicho kando ya moyo, kama ncha ya kidole, ikaganda, na bonge lake likapanda ubongoni.

"Kwa nini hakikufungwa?" aliuliza, na daktari akacheka, akadhani ni swali la kitoto.

Alimaliza kidato cha sita Tanga mwaka 2000, akapata shahada ya uhandisi wa mitambo Dar es Salaam mwaka 2004, akaenda Ireland mwaka 2006 kusomea vifaa vya tiba, na mwaka 2008 akaajiriwa huko na kampuni iliyokuwa ikitengeneza vibanio vya kufungia kifuko kile kwa nje, ili damu isitulie humo na kumletea mtu kiharusi. Fahima ndiye aliyebuni namna mikono miwili ya kibanio inavyokaza taratibu bila kuichana nyama ya moyo, ambayo ni laini kama utando wa yai. Lakini vibanio vile vilikuwa virefu, vimepimwa kwa miili ya watu wa kule, naye aliomba kifupi kwa ajili ya watu wenye miili kama ya mama yake, akajibiwa mezani mbele ya wenzake, "Hao wagonjwa wako si wateja wetu." Alijiuzulu tarehe 30 Novemba 2012, akarudi nyumbani, kama Mansuri alivyosema.

Tarehe 12 Januari 2013 alifunga ndoa hapa Mafia na mwalimu Shaabani, wakajaaliwa watoto wawili, Umi aliyezaliwa mwaka 2014 na Fikiri aliyezaliwa mwaka 2017, wakaishi Dar es Salaam, na huko, kwenye karakana ya chuo alikofundisha, alihangaika miaka kumi na kibanio kifupi, akivunja, akipinda, akianza upya, akigombana na kila ofisi iliyomwambia aje kesho. Tarehe 6 Mei 2023, baada ya vibali vyote, Dk. Abeid wa upasuaji wa moyo alikifunga kwa mara ya kwanza kwenye moyo wa Bi Mize, mkulima wa mwani wa Jibondo, ambaye amekaa uani hapo sasa hivi, mzima wa afya. Waliofuata ni ishirini na wawili.

Wengi wenu mlimwona akipita vijijini na mashine ya kupima mapigo ya moyo, Muhsin akimbebea, akilijaza puto maji na kulibana kwa kibanio cha nguo ili watu waelewe, akiwakaririsha watoto na wazee dalili: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, na kwamba ikitokea hivyo mgonjwa ana kama saa nne na nusu tu za kuokolewa ubongo wake. Juni 2024, kule Juani, mama mmoja aliziogopa nyaya, Fahima akajifunga yeye kwanza kumtoa hofu, karatasi ikatoka, akaitazama, akaikunja, akamwambia Muhsin, "Na mimi nimo." Alipewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, lakini Julai mwaka huu alitokwa na damu tumboni, vikasitishwa, na ikapangwa afungiwe kibanio chake mwenyewe tarehe 22 Septemba 2025. Leo ni tarehe 15.

Jana familia ilikaa, ikapendekeza hapa isomwe kwamba marehemu aliugua ghafla. Haitasomwa hivyo.

Jumanne tarehe 9, saa moja na robo asubuhi, katika nyumba hii ya Miburani, alikofikia kutoka Dar es Salaam kuja kupima watu, Fahima aliangusha kikombe, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na kwa mkono wa kushoto akajigonga kifuani mara tatu akimtazama Muhsin. Mansuri alisema huo ni upepo wa mama, akaagiza mlango ufungwe na ubani uwashwe. Funguo za gari zilikuwa mkononi mwa Muhsin. Bi Mize, aliyekuwa amelala kwa jirani ili apimwe asubuhi ile, aliingia bila hodi, akamwona, akasema, "Huyu ni moyo, si pepo. Kanifundisha mwenyewe. Mpakieni sasa hivi."

"Bi Mize, tustahi. Haya ni mambo ya ndani," alijibu Mansuri.

"Mwanangu, atakufa mikononi mwako."

"Yule wa kwanza nilimpeleka mimi," Mansuri alisema. Kisha akamtoa nje.

Ndege ya saa tatu iliruka kwenda Dar es Salaam, mwendo wa nusu saa, ikapita juu ya paa hili. Shaabani alipiga simu mara nne, akaambiwa anaendelea vizuri. Muhsin alikaa kizingitini na funguo zake, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, akimwogopa kaka yake, mpaka Jumatano saa tano na robo asubuhi, pumzi za dada yake zilipobadilika, ndipo akampita Mansuri, akambeba dada hadi garini, akampeleka uwanja wa ndege. Zilikuwa saa ishirini na nane. Fahima alifariki Dar es Salaam Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa kumi jioni.

Familia inamshukuru Dk. Abeid na wauguzi waliopambana na kazi ambayo tulikuwa tumekwisha kuiharibu, wenzake wa chuoni walioapa kuendelea na kibanio kifupi, majirani waliogonga mlango wakazuiwa, na Bi Mize, aliyesema kweli ndani ya nyumba ya watu akafukuzwa kwa kuisema. Anayesoma hajamsamehe Mansuri, wala hajajisamehe nafsi yake, maana mlango ule haukuwa na kufuli. Watoto Umi na Fikiri wakikua wakauliza, msiwaambie ni kudura pekee. Kudura ni ya Mwenyezi Mungu, saa ishirini na nane ni zetu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pumzika, dada Fahima, Mola akupe amani yake. Sisi tuliobaki bado hatujaistahili.