Dishi Lisilopenda Migomba

Risala ya Kikundi cha Twandike kwa Bi. Yasmini Abdulrahmani, Mratibu wa Mradi wa Anga Karibu
Nyakitonto, Wilaya ya Kasulu, Agosti 2014

Mgeni rasmi, Bi. Yasmini, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wetu wa dini, wazazi, na wewe ndugu dereva uliyelipandisha gari lile kwenye makona yetu ya vumbi, tunawasalimu kwa Kiha chetu: mwakeye!

KARIBU, NA UTUSAMEHE JUA

Mgeni rasmi, tumekukalisha juani. Umeona, na sisi tumeona kwamba umeona. Hakuna turubai, hakuna tao la migomba, hakuna hata jani moja la kukupepea. Huku kwetu mgeni wa heshima hapiti pakavu namna hii. Mzee Venanti, mkuu wa mapambo wa kata nzima, yule pale nyuma aliyekunja mikono, hajatusemesha tangu jana jioni. Anasema tumemwaibisha mbele ya watu wa Dar es Salaam. Baba, tuvumilie kidogo, sababu inakuja.

Tunajua kilichokuleta. Barua ya mradi imesema dishi letu la intaneti ya setilaiti ling'olewe, kwa kuwa halifanyi kazi, likafungwe mjini Kasulu, nasi tupewe chumba huko tukafanyie kazi zetu. Fundi wako tumemwona na mfuko wa spana. Spana zenyewe zinang'aa, zimefutwa mafuta vizuri. Kwa hiyo hatutazungusha maneno: tumesimama hapa kuomba dishi libaki, na tutakueleza habari ya mwenzetu mmoja, kwa sababu ukiijua yake umeijua ya wote.

TULIKOTOKA

Mwenzetu huyo ni Ernesta. Wengi mnamkumbuka alivyokuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini Kasulu, sketi imenyooshwa pasi, mwendo wa haraka. Siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake, Mama Paskazia, ameanguka shambani na upande mmoja haunyanyuki, aliondoka ofisini akaacha chai yake mezani, hakurudi tena. Kiharusi kilimchukua mama mkono, mguu na maneno. Daktari alimwambia Ernesta awe anamsemesha tu, hata kama hajibiwi. Naye akamsemesha. Alimsimulia bei za soko, misiba, harusi, mvua. Mama alikuwa anatazama dari.

Jamani, kumsemesha mtu anayetazama dari kunachosha moyo. Ernesta mwenyewe alituambia kwamba ilifika mahali akawa anaongea na masufuria.

Hapo ndipo mradi wako, mgeni rasmi, ulipotuletea dishi, ukalisimamisha nyuma ya duka la Shamsi, limeelekea magharibi kuitazama setilaiti. Watu walisema mengi. Wapo waliosema linasikiliza mambo ya Burundi. Mmoja alikuja na kiti chake tangu asubuhi kusubiri mpira. Simu zetu wakati ule zilikuwa zinasoma mtandao kwa kusuasua mpaka upande kilimani, na ukishuka umeupoteza. Shamsi, aliyefundishwa kulitunza dishi, akamfuata Ernesta nyumbani.

"Dada, wewe unapiga chapa bila kutazama vidole, au walinidanganya?"

"Hawakukudanganya. Lakini mimi sitoki humu ndani. Mama namwachia nani?"

"Nani kasema utoke? Nyumba yako iko hapa ukutani kwangu. Mtandao unaingia mpaka jikoni."

Ernesta hakuamini, akaifungua kompyuta yake ya zamani pale jikoni kando ya mafiga. Ukaingia.

KAZI YENYEWE

Mgeni rasmi, wengine bado hujiuliza tunafanya nini na mahedifoni masikioni. Kampuni moja ya utafiti hutuletea kwa intaneti sauti za wazee wa Kibondo, Kakonko na huku kwetu, wakieleza kwa Kiha walivyokuwa wakilima na kuhifadhi mbegu. Sisi tunasikiliza, tunaandika Kiha kama kilivyosemwa, tunatafsiri kwa Kiswahili, tunarudisha. Wenye nyumba za jirani na dishi wanafanya wakiwa ndani kwao. Wa mbali wanakuja na flashi, wanachukua sauti, wanarudi kuandika karibu na watoto wao na mihogo yao iliyoanikwa.

Na tusifanye unyenyekevu wa uongo: kazi hii tunaiweza, tena sana. Aliyekulia Dar hawezi kumsikia mzee wa Kakonko anapochanganya kikohozi na methali. Sisi tunamsikia. Kampuni imetuambia kazi yetu hairudishwi kusahihishwa. Nyumba zimeezekwa kwa kazi hii, watoto wamevaa viatu vya shule, na wenzetu wawili wameachana na safari za kwenda kutafuta vibarua mkoa wa mbali.

Tatizo la mwanzo halikuwa dishi, lilikuwa majirani! Kwa kijiji kizima, mtu aliye nyumbani ni mtu asiye na kazi. "Ernesta, niangalizie mtoto, wewe si upo tu?" "Ernesta, nianulie maharage mvua ikija, wewe si upo tu?" Siku moja alikuwa na watoto wa watu sita, kuku asiyemjua, na sauti ya mzee wa Kibondo sikioni. Akafunga kompyuta akalia. Halafu akacheka, maana yule kuku alipanda mezani. Kesho yake akatundika kitenge chekundu mlangoni, akatangaza kisimani: "Mkikiona kile kitenge, mimi sipo. Nipo kazini. Hata nikiwa nakuona dirishani, sipo." Mwanzoni walimcheka. Sasa kila mwanachama ana kitenge chake, na hata Mheshimiwa Diwani alipita juzi, akakiona, akanyata.

Sasa sikiliza hili, mgeni rasmi. Siku nyingine hedifoni za Ernesta zilikuwa zimekufa sikio moja, akaamua kufungulia sauti wazi chumbani kwa mama. Mzee alikuwa anaeleza uvunaji wa ulezi, akataja kikapu fulani kwa jina ambalo Ernesta hakulijua. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Akanung'unika peke yake, "Huyu mzee kasema nini jamani?" Jina likatajwa tena, polepole, silabi kwa silabi. Ernesta akaliandika, ndipo akashtuka kwamba sauti alikuwa ameisimamisha. Akageuka. Mama yake hakuwa anatazama dari. Alikuwa anamtazama yeye, na mdomo bado unahangaika kumalizia kusema kile kikapu kilifumwa na nani.

Ernesta alitoka nje mbio na kitenge chekundu mkononi, akamwita Shamsi, akamwita kila mtu. Tulijaa mle chumbani tukilia na kucheka, na Mama Paskazia akakasirika kwa kelele zetu. Tangu siku hiyo wanafanya kazi wawili. Binti anachapa, mama anasikiliza. Si kwamba amepona. Mkono bado umelala na maneno yanakuja kwa kusukumwa, lakini yanakuja, na yanakuja zaidi wazee wale wanapoongea.

MKASA WA MIGOMBA

Sasa tufike kwenye jua ulilokalia.

Mkaguzi wa mradi alipokuja mwaka huu, tulitaka kumpokea kama watu. Mzee Venanti akasema, na hapa tunamnukuu, "Mgeni asiyepita chini ya tao ni mpita njia." Nani angembishia? Akachagua migomba mirefu kuliko yote, yenye majani mapana, akaichimbia mbele ya dishi hasa, upande wa magharibi, ili mkaguzi akipigwa picha atoke yeye, tao na dishi kwa pamoja. Shamsi alikuwa Kasulu kununua soda. Aliporudi ngoma ilishaanza, akashusha kreti akacheza. Hakuna aliyewaza kwamba dishi lina macho, na macho yake tumeyafunga kwa heshima zetu.

Mkaguzi akapita chini ya tao, tukapiga vigelegele. Akasema, "Haya, nionesheni mnavyofanya kazi." Ernesta akafungua kompyuta mbele ya watu. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Mchungaji akaombea. Shamsi akazima, akawasha, akazima. "Asubuhi nimetuma kazi!" Ernesta alikuwa anasema, jasho linamtoka. "Haki ya Mungu, asubuhi nimetuma!" Mkaguzi alikuwa mtu mpole, alisubiri mpaka soda ikapata moto. Akaandika alichokiona, akaaga, akaelekea Kibondo.

Vumbi la gari lake halijatulia, mbuzi wakafika. Wa nani? Wa Mzee Venanti mwenyewe. Kiangazi kilikuwa kimewakausha, wakalivamia lile tao, wakavuta majani, wakaangusha mgomba mmoja, wakaangusha wa pili. Ndani ya nyumba ya Ernesta kompyuta ikalia. Kazi mpya imeingia. Ikalia tena. Ernesta akatoka mlangoni akatazama kompyuta, akatazama mbuzi, akatazama dishi, akakaa chini palepale.

"Venanti wee," akasema, "umetumaliza kwa mapenzi."

Tulimpigia mkaguzi simu jioni ileile. Alicheka sana, kisha akasema yeye aliandika alichokiona, na hawezi kuandika kwamba ameambiwa na mbuzi. Hatumlaumu. Lakini barua ya kung'oa dishi ilizaliwa hapo, na leo ndiyo imekuleta. Kwa hiyo, Mzee Venanti, ungana nasi sasa. Hatukukataza tao kwa dharau. Tulitaka dishi limwone mgeni, na mgeni alione dishi.

YANAYOTUSUMBUA BADO

Hatusemi mambo yote ni shwari. Mvua kubwa ikishuka mtandao unakatika, nasi tunasubiri ipite, ikipita tunaendelea. Betri za sola za dukani kwa Shamsi zimechoka. Vijana wakikutana pale huangalia vichekesho mpaka kazi za watu zinakwama, hilo tunalirekebisha wenyewe kwa ukali wetu.

Chumba cha Kasulu tumekisikia. Tumeambiwa kina feni na viti vya kuzunguka. Asanteni, tena kwa moyo. Lakini sauti hizi hazikupata waandishi kwa sababu ya viti. Ernesta alishakuwa na kiti Kasulu. Ukilipeleka dishi huko, kesho asubuhi atachagua: amwache mama yake na dari, au aiache kazi iliyomrudishia mama. Tumemuuliza atachagua lipi. Akatujibu, "Mnaniuliza nini nanyi? Mnajua." Ndiyo, tunajua. Atabaki na mama, kompyuta itafungwa, na chumba chake kitanyamaza.

TUNACHOOMBA

Tungeweza kukuomba betri, na Mheshimiwa Diwani hapa alitushauri tuombe na barabara. Leo hatuombi hayo. Tunaomba dishi libaki Nyakitonto, mahali lilipo, na mbele yake pasipandwe kitu. Mzee Venanti, kuanzia leo matao yote utayajenga upande wa mashariki, sivyo? Ameitikia kwa kichwa, mmeona?

Na kabla hujaamua, tunaomba jambo moja dogo. Nyumba ile ya pili, yenye mlango wa bluu, ni ya Ernesta. Hayupo hapa kukulaki, tunamwombea radhi. Risala hii aliichapa jana na Shamsi akaitoa kwenye karatasi, lakini leo ana kazi ya kutuma kabla ya mchana, na kazi ni kazi. Kitenge chekundu kimetundikwa. Kijijini hapa hakuna anayeruhusiwa kuingia kitenge kikiwa mlangoni, si mjumbe wala ndugu. Wewe leo tumekuombea ruhusa.

Mwache fundi hapa na spana zake, tutampa chai. Ingia peke yako. Utaona dishi letu linafanya kazi, na pembeni ya kitanda tumeweka kiti. Kaa. Mwambie Mama Paskazia "mwakeye", kisha umngoje. Atachelewa kukujibu. Tafadhali usimsaidie kulimalizia neno, mgeni rasmi. Hulimalizia mwenyewe.

Ukishaitikiwa, toka utuambie kama dishi hili halifanyi kazi. Utakalosema, tutalipokea.

Mungu akulinde njia ya kwenda na ya kurudi, awape mama zetu maneno na sisi masikio ya kuwasikia. Amina kwa wanaosema amina, na amin kwa wanaosema amin.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Twandike, Nyakitonto:
walio nyumbani, na walio kazini.