Wasifu wa Mwalimu Tšeliso Phafoli, Aliyefundisha Joto Linakokwenda

Mwalimu Tšeliso Phafoli alizaliwa tarehe 14 Juni 1957 hapa Ha Lepheane, wilaya ya Butha-Buthe, mtoto wa Khotso Phafoli na mkewe 'Mathabo. Theluji ilikuwa imefunga njia siku hiyo, mkunga hakufika, na bibi yetu ndiye aliyempokea. Kabla yake mama alikuwa amezika mtoto, ndiyo maana huyu wa pili akaitwa Tšeliso, yaani kitulizo. Mimi ninayesoma ni Keneuoe, mdogo wake. Nimeombwa nisome polepole, nami nitajitahidi.

Baba yetu alichimba dhahabu Afrika Kusini. Mwezi Mei 1966 mwamba ulimwangukia, akazikwa hukohuko. Tšeliso alikuwa na miaka minane. Wakubwa waliona bado ni mdogo, wakamwambia baba amechelewa basi, atakuja na linalofuata. Siku zile huo ndio ulikuwa uungwana, na hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini yeye alilichukua neno lile kama lilivyo. Kila mwisho wa mwezi, basi la wachimbaji lilipopanda kutoka bondeni, alisimama njia panda na kablanketi kake, akimtazama usoni kila mwanaume aliyeshuka. Alifanya hivyo hadi kipupwe cha mwaka uliofuata, mvulana aliyechunga naye ng'ombe alipomchoka.

"We unasubiri nini kila siku hapa?" akamwambia. "Baba yako alishakufa. Kijiji kizima kinajua."

Alirudi nyumbani akamuuliza mama swali moja tu: "Mama, ulikuwa unaniona nikienda?" Mama aliniambia habari hii akiwa mzee sana, na hata siku hiyo alishindwa kuimaliza. Mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni, sikumbuki lolote, lakini nimemjua kaka yangu tangu hapo, na najua ndipo alipoanzia. Hakuwahi tena kuvumilia uongo, hata ule mtamu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, leo darasani, kesho malishoni. Wakati wa mavuno alimsaidia mjomba wetu kuburuza mahindi kwa lile gari lisilo na magurudumu linalovutwa na ng'ombe. Akauliza kwa nini ni zito kuliondoa lakini likishaondoka huwa afadhali. Mjomba akamjibu, "Kwa sababu ng'ombe ni wavivu kama wewe." Jibu hilo lilimkaa kooni miaka mingi. Alipofika sekondari na kufundishwa msuguano, alishuka mlima siku hiyohiyo, hata sare hajavua, kumweleza mjomba kwamba kitu kilichotulia hung'ang'ania kutulia, ardhi nayo hukikamata zaidi kikiwa kimesimama kuliko kikiwa kinakwenda, kwa hiyo ng'ombe hawana kosa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe tumekupeleka shule ukawe wakili wa ng'ombe."

Mwaka 1978 alijiunga na chuo kikuu pale Roma, hii Roma yetu ya Lesotho, akahitimu 1982. Januari 1983 alianza kufundisha fizikia katika sekondari ya hapahapa kijijini, na hakuhama hadi alipostaafu Desemba 2017. Waliosoma kwake wamejaa hapa leo, nanyi mnalijua somo la birika. Kila mwaka, asubuhi ya baridi kali, alitoka uwanjani na birika la chai inayochemka, akamimina kikombe kimoja na kukiweka juu ya theluji. Darasa zima lilisimama kukitazama kikipoa, meno yakigongana.

"Joto limekwenda wapi?"

"Limepotea, Mwalimu."

"Halipotei. Limo humuhumu uwanjani, kwenye theluji, kwenye hewa, kwenye pua zenu. Nishati hubadilika na kuhama, haiishi."

Mwaka mmoja msichana mmoja, ambaye leo ni muuguzi na yuko nasi hapa, akamwambia, "Basi lirudishe kikombeni, Mwalimu, tunywe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hapo ndipo penyewe," akasema. "Kutopotea si kurudi. Andikeni hivyo."

Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa Nthabiseng, ambaye ukoo wetu, kwa desturi, ulimpa jina la 'Malineo, yaani mama Lineo, kabla hajazaa, na mwaka 1988 Lineo mwenyewe akazaliwa. Wifi yangu hakusoma fizikia, lakini fizikia iliishi nyumbani kwake na ilimchosha. Jioni moja kaka alimweleza kwamba kazi ni nguvu inayokisogeza kitu, na kwamba mtu akisukuma ukuta kutwa nzima usisogee, hajafanya kazi.

"Kwa hiyo mimi niliyesimama na mtoto mgongoni tangu asubuhi, analia, sijafanya kazi?"

"Kwa fizikia, hujafanya."

"Haya. Fizikia ikupikie."

Usiku huo Mwalimu alisonga papa, ugali wetu, mwenyewe, ikaungua chini na kubaki mbichi juu. Tangu mwaka huo, kila alipofundisha maana ya kazi, alimalizia kwa kusema, "Isipokuwa nyumbani kwangu."

Mwaka 2019 madaktari Maseru walimwambia moyo wake umepanuka na kuchoka. Miguu ikavimba. Kilima cha kwenda kanisani, alichokuwa akikipanda huku anazungumza, sasa alikipanda kwa vituo, akikaa juu ya jiwe na kutuambia mvutano wa dunia hauzeeki ila sisi. Kipupwe cha mwaka huu hakutoka tena kitandani. Wageni walikuja, wakaomba, wakasema maneno mazuri, naye aliwashukuru wote.

Jumapili ya mwisho wageni walipoondoka, tulibaki watatu chumbani. Wifi yangu alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Baba Lineo, maisha yako yote umewaambia watoto wa watu hakuna kinachopotea. Sasa niambie mimi. Ukiondoka, utakuwa wapi?"

Nilimkonyeza kaka yangu. Nilitaka aseme lolote, nyotani, mlimani, popote, mradi mke wake apate pa kushika. Aliniona, lakini akamgeukia mkewe.

"Sijui, 'Malineo," akasema. "Mchungaji anajua yake, nami namheshimu. Ninachokijua mimi ni kidogo. Joto langu litabaki kwenye blanketi hili muda mfupi, halafu litatoka. Likibaki, kaa nalo. Usiliache lipoe peke yake."

Nilimkasirikia. Niliona ni maneno makavu kumwambia mwanamke aliyeishi naye karibu miaka arobaini.

Alifariki Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, alasiri, nyumbani kwake. Wanawake walipokuja kumwandaa, wifi yangu aliwaomba wasubiri. Alijifunika lile blanketi la kaka, akaketi akiegemea ukuta, macho makavu. Hakuna aliyethubutu kumhimiza. Lilipokwisha kupoa alilivua, akalikunja vizuri, na hapo ndipo alipolia. Sina hasira tena na kaka yangu.

Ameacha mjane, 'Malineo; binti, Lineo, na mkwe wetu, Teboho; mimi mdogo wake; wanafunzi ambao hata yeye hakujua idadi yao; na mjukuu mmoja, Rethabile, mwenye miaka sita.

Rethabile alifika juzi kutoka Maseru akauliza babu yuko wapi. Nyumba ilikuwa imejaa watu wazima, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema babu amekwenda hospitali. Wifi yangu akanitangulia.

"Babu amekufa, mwanangu. Hatarudi. Njoo ukae hapa na mimi."

Mtoto alilia sana, na bibi yake akamfunika kwa blanketi lilelile hadi akalala.

Pumzika kwa amani, Tšeliso. Safari hii hakuna mtoto aliyesimama njia panda.